Mkanda wa Gari Ukikuumiza, Usiutupe

(Hotuba iliyotolewa na mwandalizi wa chama mbele ya mkutano wa Jumapili wa wanachama wa uchukuzi. Tumeipiga chapa nzima kwa kuwa wanachama wengi walikuwa safarini na hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya mkanda wa gari. Najua wengine wenu mnasema moyoni, “Tuliacha mapumziko yetu tuje kusikia habari ya mishahara, na huyu anatuletea habari ya mikanda.” Ndugu zangu, mshahara wa mwaka mzima unaweza kwisha katika siku moja hospitalini. Na mtu aliyepoteza jicho hawezi kuendesha lori tena, hata mshahara ukipandishwa mara tatu. Kwa hivyo naomba mnisikilize.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa dereva wa lori katika njia ya Mombasa, nilikuwa na tanboi mmoja, kijana mtaratibu, hanywi pombe wala hachelewi kazini. Mkanda wa kiti chake ulikuwa na ubaya. Ukiingiza ule ulimi wa chuma katika kifungio, husikia “ta”, ukadhani umeshika. Kumbe haukushika. Lori likipita shimoni, mkanda unafunguka wenyewe.

Tulimwambia msimamizi. Alisema lori lile linaleta pesa kila siku na halitalala gereji kwa sababu ya mkanda. Tulipomsumbua sana, alinunua kifungio kilichokwisha tumika, akakitia. Nacho kilikuwa vile vile. Tukanyamaza. Hapo ndipo tulipokosa, maana hatukuandika neno lolote mahali popote.

Usiku mmoja, karibu na Voi, ng’ombe waliingia barabarani. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mkanda wangu ulinishika, nikapata maumivu ya kifua tu. Mkanda wa tanboi wangu uliachia. Aligonga fremu ya kioo kwa uso. Alivunjika mfupa wa bega, na jicho la kushoto halikuona tena tangu usiku ule.

Kampuni ilisema nini? Ilisema kijana hakufunga mkanda. Mimi nilishuhudia kwamba alifunga. Hata mganga aliyempokea alikuwa ameandika katika faili kwamba begani pana alama ya mkanda. Baada ya kuvutana kwa miezi mingi alipata fidia ya kazi. Lakini tulipokwenda kwa wakili kuuliza juu ya kile kifungio kibovu na mtu aliyekiuza, wakili alituuliza maswali mawili tu: “Kifungio kiko wapi? Na risiti iko wapi?” Hatukuwa na jibu. Lori lilikuwa limetengenezwa katika wiki moja, likatiwa kioo kipya na mkanda mpya, na ule wa zamani ukatupwa pamoja na vyuma vikuukuu. Mlango ule ukafungwa. Ndiyo sababu nasimama hapa leo.

MKANDA NI KITU GANI?

Gari linaposimama ghafla, mwili wako hausimami. Unaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule wa gari, mpaka ukutane na kitu cha kuuzuia. Kitu hicho ni mkanda, au ni usukani, au kioo, au lami ya barabara. Mkanda tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni, ulitengenezwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, injinia wa kampuni ya Volvo huko Sweden, na kampuni ile ikaruhusu viwanda vingine kuutumia. Mwaka 1970 jimbo la Victoria katika Australia lilitoa sheria ya kuwalazimisha watu kuufunga, nchi nyingine zikafuata. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa mpaka nusu.

Basi nisieleweke vibaya. Sisemi mkanda ni mbaya. Nasema mkanda ni chombo cha kazi kama breki, na chombo cha kazi kikiwa kibovu, yuko mtu wa kuulizwa.

Hapa Kenya mikanda iliingia katika matatu kwa nguvu mwaka 2004, wakati wa kanuni za Waziri wa Uchukuzi, Bwana John Michuki. Zilikuwa kanuni njema, zikaokoa watu. Lakini wenye magari wengi walitafuta mkanda wa kumridhisha askari, si mkanda wa kumshika abiria. Wengine walitia utepe wowote, wakaufunga kwa bolti ndogo katika bati jembamba la sakafu, au katika kiti ambacho chenyewe hakikushikwa vizuri. Gari likigonga, mkanda haukatiki. Kiti chote kinang’oka pamoja na mtu aliyejifunga.

UBAYA WA MKANDA UKO WAPI?

Ziko namna tano ambazo mtu wa kazi anaweza kuzitambua bila kuwa injinia.

Ya kwanza ni kifungio. Kinasema “ta” lakini hakishiki, au kinashika lakini hakifunguki wakati gari linawaka moto. Ya pili ni kile kisanduku cha ubavuni kinachouvuta mkanda na kuuzungusha ndani. Ukiuvuta mkanda ghafla unapaswa kukataa. Kama unatoka tu kama kamba ya kisimani, hautakushika siku ya ajali. Ya tatu ni utepe wenyewe: umekatika pembeni, umekauka kwa jua, umeshonwa upya kwa uzi wa viatu, au umepigwa fundo. Ya nne ni pale mkanda ulipofungwa katika bodi: kutu, nati iliyolegea, bolti ndogo. Ya tano ni mkanda uliokwisha fanya kazi yake katika ajali. Mkanda uliovutwa kwa nguvu katika mgongano hautegemewi tena, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Gari likitengenezwa, mkanda nao ubadilishwe.

Mtu asidhani ubaya huu ni wa fundi wa kando ya barabara tu. Mwaka 1995 huko Marekani, serikali na watengenezaji wa magari walikubaliana kuyaita magari zaidi ya milioni 8 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya mikanda iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Kosa lilikuwa nini? Kile kitufe chekundu cha kufungulia kilikuwa cha plastiki iliyokuwa ikiharibiwa na jua. Ilikauka, ikapasuka, vipande vikaingia ndani ya kifungio, na kifungio kikakataa kushika au kikafunguka. Fikirini juu ya jambo hilo, ndugu zangu. Kiwanda kikubwa, wasomi wengi, na kosa likatoka katika kipande cha plastiki cha ukubwa wa kidole. Na sisi tunaegesha magari juani Mariakani na Lodwar mwaka baada ya mwaka.

Tena kumbukeni kwamba gari nyingi zetu huja Mombasa zikiwa zimekwisha tumika ng’ambo. Kiwanda kinapoita magari yarudi, barua huandikiwa mwenye gari anayejulikana kule. Wewe huku hupati barua. Kwa hivyo makanika wa kampuni anapaswa kuchukua namba ya chesisi na kumwuliza wakala wa kiwanda kama gari lile limewahi kuitwa.

MAJERUHI YA MKANDA

Mkanda mbovu unamwumiza mtu kwa njia mbili. Njia moja ni kumwachia, kama tanboi wangu. Njia ya pili ni kumshika mahali pasipofaa. Mkanda wa kiunoni peke yake, ule wa matatu nyingi, unapaswa kukaa chini, juu ya mifupa ya nyonga. Ukipanda tumboni kwa sababu umelegea au umefungwa mahali pabaya, gari likisimama ghafla unaweza kupasua matumbo na kuvunja uti wa mgongo.

Sikilizeni neno hili kwa makini: matumbo yaliyopasuka hayaonyeshi kila mara siku ile ile. Mtu anasimama, anajipangusa vumbi, anasema, “Mimi niko sawa.” Kesho yake hali imekuwa mbaya. Ukiona mstari mwekundu au mweusi wa mkanda tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie waganga kwamba mkanda ulikubana tumboni. Na mwombe mganga aandike alama hiyo katika karatasi. Alama ile itafutika baada ya siku chache, lakini karatasi haitafutika.

SHERIA INASEMAJE KABLA YA AJALI?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimisha tajiri kuweka vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Sheria hiyo inakupa na wewe wajibu: ukiona hatari kubwa, mwarifu msimamizi wako mara moja. Ukisha kumwarifu, tajiri haruhusiwi kukulazimisha urudi katika hatari ile kabla ya kuitengeneza, wala haruhusiwi kukuadhibu kwa kuwa umesema. Na kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Wangapi hapa wana kamati hiyo kazini kwao? Naona mikono michache. Hiyo ni kazi yetu ya mwezi ujao.

Lakini kumwarifu kwa mdomo tu hakutoshi, kama nilivyojifunza mimi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Andika katika kitabu cha gari: tarehe, namba ya gari, kiti gani, mkanda una ubaya gani. Tia sahihi. Piga picha kwa simu yako. Kama kitabu hakipo, andika barua fupi na mpe mjumbe wa chama nakala.

BAADA YA AJALI: MILANGO MIWILI

Mfanyakazi aliyeumia kwa sababu ya mkanda mbovu ana milango miwili. Wengi wanaujua mmoja tu, na wengine hawaujui hata huo.

Mlango wa kwanza ni wa tajiri wako. Unaitwa Sheria ya Fidia ya Majeruhi Kazini, ya mwaka 2007. Hapa huhitaji kuthibitisha kwamba tajiri alikosa. Inatosha kwamba uliumia katika kazi na kwa sababu ya kazi. Hata unaposafirishwa bure kwenda au kutoka kazini kwa gari la tajiri lililowekwa kwa ajili hiyo, sheria inahesabu kwamba uko kazini. Tajiri analazimika kulipa matibabu, na kila tajiri analazimika kuwa na bima ya jambo hili. Asipokuwa nayo, amevunja sheria, na deni bado ni lake.

Utaratibu ni huu. Wewe au mwenzako mpeni tajiri habari ya ajali mara moja. Tajiri naye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Usingoje tajiri akuhurumie; nenda mwenyewe, au pamoja na mjumbe wa chama, katika ofisi ya Usalama na Afya Kazini, uhakikishe kwamba faili yako iko.

Fidia ya kilema cha kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Tuseme unalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,920,000. Daktari akisema kilema chako ni asilimia 30, fidia yako ni shilingi 576,000. Jifunzeni hesabu hii, mkawafundishe na wake zenu, ili mtu asije akaleta bahasha ya shilingi 50,000 na kuiita msaada wa kampuni. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupeleka malalamiko kwake. Akikujibu na bado huridhiki, unaweza kukata rufani katika Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Nataka kuwaeleza jambo moja linalowachanganya watu. Zamani mfanyakazi aliweza kumshtaki tajiri kortini moja kwa moja. Sheria ya 2007 iliondoa njia hiyo. Mawakili waliipinga sheria hii kwa miaka mingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo inasimama. Kwa hivyo dai la jeraha la kazi juu ya tajiri wako linaanzia kwa Mkurugenzi, si kortini. Mtu akikuambia, “Lete pesa tumshtaki tajiri wako kesho,” jihadhari naye.

Mlango wa pili ni wa mtu wa nje. Mtu wa nje ni yule asiyekuwa tajiri wako, naye ndiye aliyesababisha jeraha: kiwanda kilichotengeneza mkanda, duka lililouza kifungio kibovu, gereji ya nje iliyotia viti, au mwenye gari lingine lililowagonga. Huyo unaweza kumshtaki kortini, na kuchukua fidia ya tajiri hakukufungii njia hiyo. Ila korti itaangalia ulicholipwa na tajiri, usije ukalipwa mara mbili kwa jeraha moja.

Mtu atauliza, “Mimi sikununua mkanda ule. Alinunua tajiri. Nitamshtakije mwenye kiwanda?” Jibu lake linatoka kwa mwanamke maskini wa Scotland. Mwaka 1928 Bibi Donoghue alikaa katika mkahawa mjini Paisley, rafiki yake akamnunulia kinywaji cha chupa. Alipokwisha kunywa kidogo, alidai kwamba konokono aliyeoza alitoka katika chupa, naye akaugua. Hakununua chupa ile yeye, kwa hiyo hakuwa na mapatano na mtu. Mwaka 1932 majaji wakuu wa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia yule atakayekitumia kitu chake, hata kama hakukinunua yeye. Korti za Kenya zinafuata msingi huo. Badala ya chupa weka mkanda, na badala ya Bibi Donoghue weka tanboi. Tena Sheria ya Ushindani ya 2010 ina sehemu inayosema habari ya bidhaa zenye kasoro zinazowaumiza watu. Mwulize wakili wako juu yake.

Mlango huu ni mgumu kuliko ule wa kwanza, nami sitawadanganya. Hapa lazima uthibitishe mambo matatu. Kwanza, kwamba mkanda ulikuwa na kasoro. Pili, kwamba kasoro hiyo ilitokana na uzembe wa yule unayemshtaki, si kwa sababu gari lilipuuzwa miaka 10. Tatu, kwamba kasoro ile ndiyo iliyokuumiza, au ndiyo iliyozidisha jeraha. Na muda wake ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama unayemshtaki ni Serikali, ni miezi 12 tu.

MKANDA NI SHAHIDI

Sasa mnafahamu kwa nini nasema usiutupe. Katika kesi ya namna hii mkanda wenyewe ndiye shahidi mkubwa. Injinia atautazama utepe aone kama ulikatika kwa kuvutwa au kwa kisu. Atakifungua kifungio aone springi. Atasoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda, chenye jina la mtengenezaji na alama za kiwango. Mikanda iliyopita kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 16 ina herufi E katika duara. Mkanda usio na kitambaa hicho nao una jambo la kusema.

Basi ajali ikitokea, wenzake na aliyeumia wafanye hivi:

1. Pigeni picha ya kiti, mkanda, kifungio na bolti kabla gari halijavutwa. Mkanda usifunguliwe kwa mkono isipokuwa kwa kumwokoa mtu. Mkilazimika kuukata, ukateni katikati ya utepe, mbali na kifungio.

2. Andikeni majina na simu za mashahidi, hasa walioona kwamba mtu alikuwa amejifunga.

3. Pigeni ripoti polisi, mpate abstrakti. Mwulize askari ukaguzi wa gari utafanyika lini, na umwombe mkaguzi autazame mkanda pia, si breki na tairi tu.

4. Chama kiandike barua kwa mwenye gari na kwa kampuni ya bima siku ile ile, kisema gari lisitengenezwe wala lisiuzwe kabla mkanda haujakaguliwa. Kama gari ni la tajiri, usiingie gereji usiku kung’oa mkanda. Huo utaitwa wizi. Barua inatosha, nayo ikipuuzwa itasomwa kortini.

5. Wekeni risiti za hospitali, karatasi za kulazwa, picha za eksirei, na karatasi za mshahara katika bahasha moja nyumbani.

Na sasa mitego. Mtego wa kwanza ni karatasi ya kumaliza madai. Mtu wa bima anakuja kitandani na pesa kidogo na kalamu. Usitie sahihi kabla chama au wakili hajaisoma. Mtego wa pili ni wale makarani wanaozunguka hospitalini wakitafutia mawakili wateja, wakisema, “Usilipe kitu, tutagawana nusu kwa nusu.” Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya kulipwa kwa kushinda tu. Wakili wa haki atakuandikia ada yake, na pesa yako atakupa kwa hesabu iliyoandikwa.

MASWALI

Kondakta mmoja aliuliza: “Mimi nalipwa kila jioni na sina barua ya kazi. Nina haki?”

Jibu: Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Ukiweza kuonyesha kwamba unafanya kazi kwa mshahara chini ya mwenye gari, sheria ya fidia inakuhusu. Weka ushahidi wa siku zako za kazi: ujumbe wa simu, pesa zilizotumwa kwa simu, wenzako wa steji.

Dereva mmoja aliuliza: “Na kama sikufunga mkanda kwa sababu ulikuwa mbovu?”

Jibu: Katika kesi ya mtu wa nje, korti inaweza kukupunguzia. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1975, Froom na Butcher, majaji walisema asiyefunga mkanda apunguziwe asilimia 25 kama mkanda ungezuia jeraha lote, na asilimia 15 kama ungelipunguza tu. Majaji wetu huzitazama kesi kama hizo, ingawa hawafungwi nazo. Lakini kama mkanda haukufungika, na uliandika hivyo kitabuni, lawama inahama kutoka kwako. Kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya barabarani ziliweka faini ya shilingi 500 kwa asiyefunga mkanda, na shilingi 1,000 kwa kila kiti kisicho na mkanda. Hata kuweka mikanda michafu au isiyofaa kuvaliwa ni kosa. Kwa hivyo asikuambie mtu kwamba mkanda ni shauri la dereva peke yake.

Mama mmoja aliuliza: “Mwanangu aliumizwa na mkanda katika matatu. Yeye si mfanyakazi wa matatu ile.”

Jibu: Mama, huyo ni abiria, na dai lake ni juu ya mwenye gari na dereva, na nyuma yao bima ya gari. Bima hiyo kwa sheria haizidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Pata abstrakti ya polisi yenye jina la kampuni ya bima na namba ya hati, kisha umwone wakili upesi, maana kampuni ya bima lazima ipewe taarifa ya kesi kwa muda wake. Na kama gereji iliyotia viti ilifanya kazi ovyo, nayo inaweza kuunganishwa katika kesi.

Ndugu zangu, nimesema mengi, namalizia. Yule tanboi wangu leo ana kibanda cha kuuza vipuri vya baiskeli. Hatukulaumiana. Lakini kila ninapomwona akigeuza kichwa chote ili anitazame kwa jicho la kulia, nakumbuka kwamba ule mkanda tuliujua ubaya wake kwa muda wa miezi mitatu, na hatukuandika hata mstari mmoja.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha injini, uvute mkanda wako ghafla uone kama unakataa. Uvute na wa tanboi wako. Ukiwa mbovu, andika, mwarifu msimamizi, na mpe mjumbe wa chama nakala. Wajumbe, msiziweke nakala hizo mifukoni. Zileteni ofisini kila Ijumaa, nasi tutawaandikia matajiri kwa pamoja. Barua ya mtu mmoja hutiwa katika pipa la takataka. Barua ya chama hujibiwa.